Johnny Winter: Uanze na Albamu Ipi?

Ukiandika jina la Johnny Winter kwenye programu ya kusikilizia muziki, utaletewa majalada mengi kiasi cha kukuchanganya: baadhi yana kijana mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizoshuka hadi mabegani, mengine yana mzee aliyevaa kofia pana, mikono yake imejaa tatuu. Kati ya kijana huyo na mzee huyo imepita takriban nusu karne ya kurekodi. Winter, mpiga gitaa na mwimbaji wa roki na bluzi (muziki uliozaliwa kwa Wamarekani weusi), alizaliwa Beaumont, Texas, tarehe 23 Februari 1944. Alirekodi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15. Na albamu yake ya mwisho ilitoka Septemba 2014, wiki chache baada ya kufariki kwake. Wapenzi wa gitaa huniuliza mara kwa mara waanzie wapi, na kwa kuwa jibu linategemea muulizaji anapenda nini, nimeona niziweke albamu zake kuu sambamba na kueleza kila moja inampa nini msikilizaji.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Karibu kila anayemtambulisha Winter kwa mgeni humpeleka moja kwa moja kwenye rekodi ya jukwaani ya 1971, ambayo ni roki ya kasi na kishindo. Mimi nami nilipitishwa mlango huohuo, nikastaajabia wepesi wa vidole, kisha nikachoka, na ilinichukua muda mrefu kumrudia. Nashauri mtu aanze na mwaka 1977, kwa sababu Winter alipiga vizuri kuliko wakati mwingine wowote pale alipokuwa akimpigia mtu aliyemheshimu.

Kwanza kuna albamu za kuwekwa kando kabisa. Katika miaka ya 1960, akiwa bado hajulikani nje ya Texas, Winter alirekodi nyimbo nyingi za kila namna, na jina lake lilipovuma mwaka 1969 rekodi hizo zilianza kutolewa upya bila ridhaa yake, kwa majina na majalada yasiyoisha. Kuzitambua si kazi ngumu. Jalada huwa na picha ya Winter wa miaka ya 1970, lakini sauti ya ndani ni ya kijana anayefuata mitindo ya redio ya wakati wake, na mara nyingi hutaona jina la mpiga besi wala la mpiga drams. Mtafiti wa maisha yake atapata faida humo. Anayemsikiliza kwa mara ya kwanza atapoteza muda, na pengine atamhukumu mtu kwa kazi ambayo mwenyewe hakutaka isikike.

Tukija kwenye albamu halali, za mwanzo ni tatu, na zote zinatokana na kipindi cha takriban miaka miwili. *The Progressive Blues Experiment* ilirekodiwa mwaka 1968 ndani ya Vulcan Gas Company, ukumbi wa muziki mjini Austin, wakati ambao haukuwa na watazamaji. Wanaosikika ni watatu tu: Winter mwenyewe, Tommy Shannon kwenye besi, na Uncle John Turner kwenye drams. Desemba mwaka huo jarida la Rolling Stone liliandika habari za wanamuziki wa Texas na kumsifu. Mwezi huohuo mpiga gitaa Mike Bloomfield alimpandisha jukwaani Fillmore East, New York. Na baada ya muda si mrefu kampuni ya kurekodi ya Columbia ikamsainisha kwa malipo ya awali yaliyotajwa kuwa dola 600,000, kiasi ambacho wanabluzi waliomfundisha kwa santuri zao hawakuwahi hata kukikaribia.

Albamu ya kwanza ya Columbia, iliyopewa jina lake tu, *Johnny Winter*, ilirekodiwa Nashville na kutoka mwaka 1969 ikiwa na nyimbo 9. Ukiilinganisha na ile ya Austin, utasikia kwamba ile ya Austin ni mbichi zaidi na gitaa lake lina ukali wa chumba kitupu, ilhali hii ya Nashville imepangwa na ina wageni wenye uzito: katika “Mean Mistreater” Willie Dixon anapiga besi na Walter Horton anapuliza harmonika, watu wawili ambao bila wao bluzi ya Chicago isingekuwa kama tunavyoijua. Wimbo wa kusikilizwa kwa makini zaidi, hata hivyo, ni “Dallas”, ambamo hakuna bendi. Winter yuko peke yake na gitaa la National, lile lenye mwili wa chuma, na kibomba cha chuma kidoleni ambacho anakitelezesha juu ya nyuzi hadi sauti ya gitaa ikaribie kulia kama mtu. Alipiga kwa kidole gumba alichokivisha kipande cha plastiki, akisaidiwa na kidole cha shahada. Aliyezoea gitaa kavu la Jean Bosco Mwenda wa Katanga atatambua mara moja namna kidole gumba kinavyoshikilia nyuzi nene bila kuyumba huku nyuzi nyembamba zikisema jambo lingine kabisa.

Ya tatu ni *Second Winter*, ya mwaka huohuo wa 1969, na hapa ndipo roki inapoanza kuingia waziwazi. Ilitolewa kwa santuri mbili zenye pande tatu tu zilizorekodiwa, upande wa nne ukiachwa mtupu. Nyimbo zilikuwa nyingi mno kwa santuri moja na chache kwa mbili, na kuzibana zote katika pande mbili kungelazimisha mifereji ya santuri iwe myembamba na sauti ishuke. Mdogo wake, Edgar Winter, anapiga kinanda na saksafoni, na toleo lao la “Highway 61 Revisited” limejaa kasi ya kibomba kile cha chuma ambayo wapiga gitaa wa roki wanaizungumzia hadi leo. Kati ya hizi tatu, mtu wa bluzi achukue *Johnny Winter*, na mtu wa roki achukue *Second Winter*. Ile ya Austin ni ya kurudiwa baadaye, wakati sikio limeshamjua mwenyewe.

Majalada hayo ya 1969 yana jambo jingine ambalo msomaji wa kwetu hawezi kulipita kimya. Johnny na Edgar walizaliwa na ualbino, na Johnny hakuona vizuri maisha yake yote. Katika nchi zetu, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, kumwona mtu mwenye ualbino amejaza jalada zima, mbele kabisa, nywele zake zikiangaza na jina lake likiandikwa kwa herufi kubwa, ni jambo lililonigusa kabla hata sijasikia noti moja. Winter mwenyewe aliwahi kueleza kwamba kunyanyapaliwa kwa ajili ya rangi ya ngozi yake kulimfanya ajione karibu na wanamuziki weusi aliowapenda, na hilo linasaidia kuelewa kilichotokea miaka minane baadaye.

Sasa tuje kwenye *Live Johnny Winter And* ya 1971, albamu inayotajwa zaidi ya zote. Mwaka 1970 Winter aliwaacha Shannon na Turner, akajiunga na vijana waliotoka bendi ya McCoys, akiwemo mpiga gitaa Rick Derringer na mpiga besi Randy Jo Hobbs. Katika rekodi hii ya jukwaani drams ziko kwa Bobby Caldwell. Ubora wake ni nguvu. “Johnny B. Goode” inapita kama basi lisilo na breki kwenye mteremko, na “Mean Town Blues” inaonyesha kwa zaidi ya dakika 8 kila kitu ambacho mtu mmoja anaweza kufanya kwa kibomba cha chuma. Wimbo ambao hunirudisha ni “It's My Own Fault”, wenye urefu wa dakika 12 hivi, kwa kuwa humo peke yake ndimo bendi inapopunguza mwendo na wapiga gitaa wawili wanapeana nafasi, mmoja akinyamaza mwenzake amalize anachosema.

Ila kasoro yake haifichiki. Gitaa zote mbili zinataka kuwa mbele, sauti ya kuimba inageuka kuwa kelele ya kushindana nazo, na mtu asiyejua Winter alitoka wapi anaweza kuisikiliza mara kumi asifahamu kwamba mpigaji huyu amekulia katika bluzi. Anayependa roki ya jukwaani ya miaka hiyo, na ambaye tayari anafurahia solo ndefu, ataipenda hii kuliko zote, na sina sababu ya kumzuia. Anayetafuta kumjua Winter aiweke nafasi ya pili au ya tatu.

Kati ya 1971 na 1976 nitapita haraka. Winter alizama katika heroini, akaacha kazi ili atibiwe, akarudi mwaka 1973 na *Still Alive and Well*, albamu iliyotayarishwa na Derringer na ambayo jina lake linatangaza kwamba mwenyewe yungali hai na ni mzima. Ndiyo bora ya kipindi hicho na ni roki iliyonyooka, yenye nyimbo fupi kuliko zile za jukwaani. Mbili za 1974, *Saints & Sinners* na *John Dawson Winter III*, zina nyimbo nzuri hapa na pale, lakini mtu anayechagua albamu nne au tano tu hana haja nazo.

Na sasa 1977. Oktoba 1976, katika studio ya Dan Hartman mjini Westport, Connecticut, Winter alikaa kwenye kiti cha mtayarishaji kumrekodi Muddy Waters, mtu ambaye santuri zake ndizo zilizomfundisha bluzi utotoni. Muddy alikuwa amepita miaka 60, ameachana na kampuni ya Chess iliyomtoa, na amepitia kipindi ambacho watayarishaji walijaribu kumvisha mitindo ya vijana. Winter alifanya kinyume. Aliwaweka wote pamoja: James Cotton kwenye harmonika, Pinetop Perkins kwenye piano, Bob Margolin kwenye gitaa, Charles Calmese kwenye besi, Willie “Big Eyes” Smith kwenye drams, naye mwenyewe akashika gitaa la pembeni. Akawaacha wapige kwa pamoja kama wangekuwa klabuni. Kazi ilikwisha ndani ya siku tatu, na matokeo yake ni *Hard Again*.

Sikiliza wimbo wa kwanza, “Mannish Boy”. Muddy anaanza peke yake, bila haraka, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuhutubia kikao, kisha bendi nzima inashuka kwa pamoja kwenye kipande kilekile kifupi ambacho hakitabadilika hadi mwisho. Nyuma ya sauti ya Muddy utasikia mtu akipiga mayowe ya furaha kila mstari unapoisha. Huyo ni Winter. Mtu ambaye miaka sita nyuma alikuwa akizijaza dakika 12 kwa gitaa, hapa anaitikia kwa mdomo, kama waitikiaji wanavyomwitikia manju kwenye ngoma, na gitaa lake halijitokezi kumfunika mzee hata mara moja. Kisha nenda kwenye “I Can't Be Satisfied”, wimbo ambao Muddy aliutoa miaka ya 1940 kwa gitaa lake mwenyewe. Katika *Hard Again* Muddy anaimba tu, na ni Winter anayepiga sehemu ile ya kibomba kwa gitaa la National. Anaifuata njia ya Muddy kwa adabu, lakini nyuzi zinang'aa kwa namna ambayo ni yake mwenyewe. Katika orodha yake ndefu sijui mahali pengine ambapo uwezo wake na unyenyekevu wake vinasikika kwa wakati mmoja hivi.

Pacha wa albamu hiyo ni *Nothin' but the Blues*, ya mwaka huohuo wa 1977, ambayo Winter aliirekodi kwa jina lake akiwa na wanamuziki walewale wa Muddy. Nyimbo nyingi alizitunga mwenyewe, na ule wa mwisho, “Walkin' Thru the Park”, Muddy ndiye anayeuimba. Tofauti kati ya pacha hawa wawili ndiyo inayomsaidia mtu kuchagua. *Hard Again* ni kubwa kuliko Winter: ni albamu ya Muddy, na ukiichukua kama njia ya kumjua mpiga gitaa lazima uwe tayari kumtafuta nyuma ya mwimbaji. *Nothin' but the Blues* inamweka mbele, sauti yake nzito ya kukwaruza ikiwa na nafasi ya kutosha, na harmonika ya Cotton ikijibizana na gitaa badala ya gitaa kushindana na gitaa jingine. Haina kishindo cha 1971. Badala yake ina pumzi. Mpigaji anaacha kimya kati ya vifungu, na kimya hicho kinafanya kifungu kinachofuata kiwe na maana. Kama kifurushi chako cha intaneti kinakutosha kusikiliza albamu moja tu wiki hii, sikiliza hii; kama kinatosha mbili, tangulia na *Hard Again* siku moja kabla, na usikilize kwa spika au kwa visikizi, kwa sababu sauti ya chumba kile, hasa ya drams, hupotea kwenye spika ndogo ya simu.

Ushirikiano huo haukuishia hapo. Winter alimtayarishia Muddy *I'm Ready* mwaka 1978, rekodi ya jukwaani ya 1979, na *King Bee* ya 1981, albamu ya mwisho ya Muddy, aliyefariki mwaka 1983. Tatu za kwanza kati ya hizo nne, yaani pamoja na *Hard Again*, zilishinda tuzo ya Grammy. Muddy alimwita Winter mwanawe, na kwa anayejua uzito wa mzee kumwita kijana wa nje mwanawe, nafikiri jina hilo lilimpendeza Winter kuliko tuzo. Kwa mnunuzi, *I'm Ready* ndiyo ya kufuata, kwani Jimmy Rogers na Walter Horton wameongezwa na mambo yamepoa kidogo kuliko katika *Hard Again*.

Miaka ya Alligator, kampuni ya bluzi ya Chicago, ndiyo inayosahaulika na isiyostahili kusahaulika. Albamu zake ni tatu: *Guitar Slinger* ya 1984, *Serious Business* ya 1985 na *Third Degree* ya 1986. Katika ile ya kwanza Winter anapiga na Johnny B. Gayden kwenye besi na Casey Jones kwenye drams, watu waliozoeana katika bendi ya mpiga gitaa Albert Collins, na mzoeano huo unasikika: mdundo ni mkavu na umekaza, na nyimbo kadhaa zimeongezewa tarumbeta na saksafoni. Ukiiweka karibu na *Nothin' but the Blues*, hii ya 1984 ni safi zaidi na gitaa liko mbele waziwazi, lakini halina joto la chumba cha Westport. *Serious Business* inafuata mkondo huohuo, na mwenye *Guitar Slinger* anaweza kuiacha. *Third Degree* ina sababu yake ya pekee: Shannon na Turner wa 1968 wanarudi katika baadhi ya nyimbo, na Dr. John anakaa kwenye piano. Kufikia wakati huo Shannon alikuwa mpiga besi wa Stevie Ray Vaughan, kijana mwingine mpiga gitaa wa Texas, na kwa hiyo mtu aliyemjua Winter kupitia Vaughan ana njia fupi ya kuingilia hapa. Kwa wapiga gitaa wanaojifunza, *Guitar Slinger* ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, kwa kuwa kila noti inasikika peke yake na inaweza kufuatwa.

Baada ya 1992 ilipita miaka 12 bila albamu mpya ya studio. Afya ilikuwa imedhoofika, na aliporudi na *I'm a Bluesman* mwaka 2004 sauti ilikuwa nyembamba na vidole havikuwa na kasi ile. Mpiga gitaa Paul Nelson, aliyejiunga naye miaka hiyo na baadaye kumsaidia kuacha dawa alizokuwa akizitegemea kwa muda mrefu, ndiye aliyetayarisha albamu mbili za mwisho. *Roots* ya 2011 ina nyimbo 11 za watu waliomfundisha, na karibu kila wimbo una mgeni, kama Derek Trucks katika “Dust My Broom” na Susan Tedeschi katika “Bright Lights, Big City”. *Step Back* inafuata mpango huohuo ikiwa na Eric Clapton, Billy Gibbons na wengine. Winter alipiga onyesho lake la mwisho Cahors, Ufaransa, tarehe 14 Julai 2014, akafariki siku mbili baadaye karibu na Zürich, na albamu hiyo ikatoka Septemba na kushinda Grammy ya bluzi mwaka uliofuata.

Nikilinganisha hizi mbili na za zamani, sitamwambia mtu aanzie hapa, kwa kuwa wageni ni wengi na mara nyingine wanambeba mwenyeji. Kati yao wenyewe, *Roots* ni nyepesi kusikiliza na inafaa nyumba yenye watu, lakini mimi huchagua *Step Back* kwa ajili ya wimbo mmoja. Katika “Death Letter”, wimbo wa mwanabluzi Son House, wageni wote wameondoka. Amebaki Winter na gitaa la chuma, kama katika “Dallas” ya 1969. Kibomba kinafika kwenye noti polepole zaidi, sauti inakatika mahali ambapo zamani ingenguruma, na kidole gumba bado kinashikilia nyuzi nene bila kuyumba. Usikilize baada ya “Dallas”, usiku huohuo, bila kuweka wimbo mwingine katikati.